Ruhusa ya Kuambiwa

Jumatatu, saa tatu asubuhi, karani wa madai ya bima ya matibabu alifungua faili jipya akakuta jina la mdogo wake. Kabla hajalifunga, macho yalikwishapita mstari wa pili: saratani ya ini, imesambaa. Kanuni haikuwa na kona. Faili la ndugu unamkabidhi mwenzako, huligusi tena, na ulichokiona humwambii mtu, hata mgonjwa mwenyewe.

Alilipeleka meza ya jirani, kwa mwenzake waliyembandika jina la Kufuli.

"La ndugu yangu."

"Basi hujaliona."

"Sijaliona."

Jumapili mdogo wake alikuja kula kwake, kama kawaida. Suruali ilimpwaya, mkanda ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari.

"Dada, chakula chako hiki hata paka angeomba udhuru," alisema, akasukuma sahani. Kisha akauliza, bila kumtazama, "Huko kazini kwenu hawajakuambia kitu?"

Karani alidhani anategwa, ijulikane kama amechungulia faili.

"Waniambie nini? Sisi ni makaratasi tu."

"Haya. Basi."

Jumapili mbili zilizofuata karani alimsubiri aseme mwenyewe. Aliosha vyombo polepole makusudi, ampe nafasi. Mdogo wake naye alikaa kama anayesubiri. Jumapili iliyofuatia hakuja. Alikuwa amelazwa, hajitambui. Alizikwa Alhamisi.

Aliporudi kazini, Kufuli alimfuata akasimama pembeni ya meza, karatasi mkononi.

"Pole sana, dada. Hii ilifika siku ileile uliyonikabidhi faili. Mkuu wa kitengo ameidhinisha leo."

Ilikuwa fomu ya ridhaa ya mgonjwa. Chini yake, kwa mwandiko wa mdogo wake: *Dada yangu anafanya kazi hapo. Mwambieni naumwa nini. Mimi kinywa kinakuwa kizito.*

"Faili lile ulikatazwa," Kufuli alisema. "Na fomu imo ndani ya faili. Sikujua kama naruhusiwa kukuonyesha. Nikauliza juu, nikasubiri jibu."

"Ulifuata kanuni."

"Niliifuata."

Karani alimwomba kalamu. Kwenye daftari la taarifa zilizotolewa aliandika tarehe ya siku hiyo, akatia sahihi kwamba ameambiwa.