Alama za Njia

Mama Pacha alishafeli mtihani wa kukokotoa dozi mara mbili, na wala si kwa kukosea. Majibu yake yalikuwa sahihi yote! Ila alikokotoa kichwani akaandika jibu tupu, na mwalimu wao, mtu wa kuabudu mistari, akampa mbili kati ya kumi. Akifeli mara ya tatu, afungashe virago arudi kwa mama mkwe, aliyekwisha kutangazia ukoo mzima kwamba uuguzi si kazi ya kuanza ukubwani.

Aliyeongoza darasa ni kijana waliyemwita Kanuni. Huyo bwana! Hesabu zake alizipanga kwa rula, kalamu ya bluu na nyekundu, jibu akalipigia mistari miwili chini. Jibu lenyewe lingeweza kuwa upuuzi mtupu, lakini alama nane kati ya kumi zilikuwa za njia, na njia alikuwa nayo. Kichwa kikamvimba. "Shangazi," alikuwa akimwambia Mama Pacha mbele za watu, "hizi ni hesabu, si kupima unga." Mama Pacha alikuwa akisonya tu.

Mtihani wa tatu ukamkuta mwalimu anaumwa. Akasimamia sista mkuu wa wodi, mama asiye na muda wa mapambo. Hakudai kuonyeshwa njia. Alileta trei, mabomba ya sindano, boksi la vichupa vya maji ya mazoezi vilivyoandikwa miligramu themanini kwa mililita mbili, na mwanasesere mkubwa akamlaza kitandani.

"Mgonjwa kaandikiwa miligramu mia moja, sindano ya tako. Vuteni dawa."

Mama Pacha akavunja shingo za vichupa viwili, akavuta mililita mbili na nusu. Basi, kamaliza. Mara akasikia meza ya pili: tak. Tak. Tak. Kanuni alikuwa kwenye kichupa cha sita, kikaratasi chake cha hesabu kiko pembeni, na bado anavunja! Huyu ndiye wa kwanza siku zote; je, kama yeye ndiye aliyepatia? Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye boksi, ukashika cha tatu.

Akamtazama mwanasesere. Tako gani hilo, la tembo? Akakirudisha kichupa.

Kanuni alifika kumi na tatu. Kidole kinavuja damu, mabomba matano yamejaa pomoni, na uso mkavu kabisa. Nukta moja tu ilimponyoka kwenye mstari wa tatu, mbili nukta tano ikawa ishirini na tano, na kati ya vichupa vyote hivyo hakuna hata kimoja kilichomshtua. Eti huyo ndiye kichwa cha darasa!

Sista akasimama mbele ya Mama Pacha. "Mwenzako kavunja kumi na tatu. Wewe mbona viwili?"

Akilini akamwona mama mkwe akimsubiri mlangoni. Lakini bomba hakuliweka chini. "Miligramu mia haihitaji zaidi, Sista. Hata ukinifukuza."

Sista akalisoma bomba kwenye mwanga, akaandika: amefaulu.

"Lakini Sista," Kanuni akadakia, kikaratasi mkononi, "hebu tazama njia yangu kwanza. Imenyooka!"

Sista aliitazama, kisha akayatazama yale mabomba matano. "Nzuri kweli," akasema. "Mgonjwa tutamzika nayo."