Njia Tambarare ya Lusangi

Alhamisi asubuhi Mama Régina alipaka mawese kwenye mnyororo wa kinga yake, baiskeli ya zamani, akafunga kitambaa kichwani, akasali Salamu Maria mara tatu, moja kwa kila kilima cha njia mpya. Vilima vilikuwa viwili. Ile ya tatu ilikuwa akiba.

Barabara ya zamani ilipita bondeni, laini kama uwanja wa mpira, kutoka kijiji chao cha Kibundila mpaka maternite, nyumba ya kujifungulia, ya Lusangi. Patron Magloire alipanda michikichi pande zote mbili, kisha akaweka bariere, mti wa kufunga njia, na mlinzi. Mradi mmoja ukaona ni afadhali kuchonga njia ya kinga mlimani kuliko kuongea na Patron Magloire.

Njia mpya ilipanda. Ukitoka Kibundila kwenda Lusangi ilipanda, na ukitoka Lusangi kurudi Kibundila ilipanda vilevile. Hapakuwa na mteremko hata wa kubingirisha chungwa. Wiki ya kwanza watu waliliongelea kidogo sokoni. Wiki ya pili wakatoa waya za breki, kwa kuwa hazikuwa na kazi tena, wakafungia milango ya vibanda vya kuku.

Siku hiyo, katikati ya njia, Mama Régina alikutana uso kwa uso na Abdoul, mbeba samaki. Wote wawili walikuwa wakihema.

"Mama, huko unatoka iko namna gani?"

"Inapanda. Na kwako?"

"Inapanda."

"Basi Mungu akusaidie, baba."

"Na wewe, Mama."

Kwa vile njia ilipanda tu, Régina alikuwa amefikiri kwamba baada ya mwezi mmoja atakuwa amemkaribia Mungu. Alichokaribia ni magoti yake, ambayo sasa aliyasikia kuliko kengele ya kapela. Nyumba yake, kila aliporudi, ilikuwa palepale karibu na mto.

Jumamosi yake Serge, ajenti wa mradi, alifika kutoka Kasongo na saa ya mkononi na fishi, karatasi ya kujaza majibu. Alitaka maoni ya mwendeshaji wa kawaida. Alipanga watu tisa, akawapima mwendo. Abdoul alikuwa wa kwanza. Papa Bulaimu, ambaye hutembea kando ya kinga yake kama mtu anayesindikiza mgeni, alikuwa wa tisa. Mama Régina alikuwa wa tano.

"Ni wewe, Mama," Serge akasema. "Wewe ndiye wa katikati kabisa."

"Niliwaambia wamama wa kapela kwamba naendesha kama mwanaume," Régina akajibu. "Sasa najua ni mwanaume gani. Ni Papa Bulaimu, siku akiamka vizuri."

"Siku gani hiyo?" Papa Bulaimu akauliza. "Mimi sijaiona."

Serge alifungua kalamu. "Mama, biro, ofisi yetu ya Kasongo, ikiona njia haifai, itamuomba Patron afungue bariere. Ikiona inafaa, bariere inabaki. Sema tu unavyoona."

Régina alimtazama binti yake Yvette, aliyeketi mlangoni na mimba ya miezi minane na wiki tatu, miguu imevimba. Tangu bariere iwekwe, hakuna mwenye mimba aliyekuwa amefika maternite. Akasema taratibu, kama mbele ya padri, bila kuongeza kitu.

"Andika hivi. Inapanda kwenda, inapanda kurudi. Nimeanguka mara nne. Mara tatu ni kosa langu. Mara ya nne nilikuwa nimesimama. Mutu mwenye mimba hawezi kufika."

Serge aliandika yote. Alikuwa mtu mwaminifu, na mwandiko wake ulisomeka vizuri.

Jibu lilirudi baada ya siku nane, likiwa na muhuri. Katekista Salomon alilisoma kapelani Jumapili, pamoja na matangazo ya ndoa. Biro ilikuwa imepiga hesabu: kupanda kwa kwenda kumeondolewa katika kupanda kwa kurudi, na imebaki sifuri. Kwa hiyo njia ni tambarare. Bariere itabaki.

Papa Bulaimu aliuliza kama magoti yake nayo yanaweza kuondolewa. Salomon akatazama karatasi tena, akasema haikutaja magoti. Wakaimba wimbo wa mwisho.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, Yvette alishikwa na uchungu. Walienda kwanza kwenye bariere. Mlinzi alikuwa mtu wa kapela yao, akavua kofia.

"Mama, kama njia yenu iko tambarare, nikufungulie juu ya nini?"

Wakamkalisha Yvette juu ya mto wa kulalia, nyuma ya kinga. Régina akashika usukani, Papa Bulaimu akasukuma. Kwenye kilima cha kwanza Abdoul aliwakuta, akalaza kinga yake majanini. Ndiyo desturi ya watu wa kinga: mlimani unasukuma ya mwenzako kwanza, halafu unarudia yako. Alipowafikisha juu, akarudi kuifuata yake, na kurudi nako kulikuwa kupanda.

Kwenye kilima cha pili mtoto hakungoja. Régina alitandika kitenge chake, akafanya kama alivyofanyiwa na mama yake. Mtoto alikuwa msichana, akalia vizuri. Yvette alitoka damu nyingi, midomo ikawa myeupe, akaacha kujibu. Kutoka pale barabara ya zamani ilionekana chini yao, nyofu na tupu. Mbuzi wa Patron Magloire alikuwa amelala katikati yake.

Walifika Lusangi saa nane mchana. Muuguzi Apolline alimtundikia Yvette maji ya mshipa, akasema atapona, lakini si haraka. Kisha akafungua daftari.

"Jina la mtoto?"

"Grâce."

"Amezaliwa wapi?"

"Ku njia, kwenye mlima wa pili."

Apolline aligeuka kutazama nakala ya karatasi ya biro yenye muhuri, iliyobandikwa ukutani karibu na kalenda.

"Hapo hapana mlima, Mama."

Akaandika: *njia tambarare*. Régina akatia sahihi chini yake, kwa mwandiko wake wa darasa la tano.

Yvette alikuwa amelala. Nguo za mtoto zilikuwa zimebaki nyumbani. Mama Régina alitoka nje, akageuza kinga kuelekea Kibundila, akakaza kitambaa, akasali ile Salamu Maria ya akiba. Halafu akaanza kusukuma, maana ilikuwa inapanda.