Mtungi wa Recheli

Hakuna mfinyanzi anayenizidi Mtendeni nzima. Hakuna mfinyanzi mwingine pia, na mtungi wangu wa mwisho niliufinyanga binti yangu Recheli akiwa hajaota meno. Baadaye watu wakahamia plastiki, nami nikahamia kuuza karanga.

Recheli ndiye hakukubali. Kila akija kutoka Igunga alikoolewa, salamu yake ni moja: "Shikamoo mama, mtungi wangu uko wapi?"

"Marahaba. Uko kwenye udongo, unasubiri nizeeke."

Nimezeeka. Yeye hakusubiri. Masika ya mwaka jana tulimzika.

Misa yake ya mwaka ilipokaribia, nikamwambia mume wangu Tobias kwamba watakaotoka kanisani watakunywa maji kwenye mtungi wa Recheli, la sivyo wasinywe.

"Mama Recheli, mikono yenyewe inatetemeka."

"Inatetemeka kwa hamu."

Nikachimba udongo, nikatwanga vigae vya chungu kikuukuu nikachanganya, nikakaa chini. Wa kwanza uliegemea upande kama mlevi anayetafuta mlango, nikaubomoa. Wa pili ukasimama. Nilipofika shingoni nikaanza kuutia alama za kucha, zile zile za zamani, na hapo nikalia mpaka udongo ukalowa upya. Nikasubiri ukauke. Mimi sikukauka. Nikauchoma hivyo hivyo, kwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe.

Sasa, mtungi ukitoka motoni unagongwa kwa kidole. Mzima unalia. Wenye ufa unasema "du," basi, umekufa. Lakini masikio yangu, moja limestaafu na la pili linaripoti kazini likitaka. Niligonga, sikusikia kitu.

"Baba Recheli, hebu gonga wewe. Unasemaje?"

Tobias akagonga. Akainamisha kichwa. Akagonga upande wa pili, akanitazama usoni.

"Unalia!" akanipigia kelele. "Unalia kama kengele ya kanisani!"

Nilicheka mpaka majirani wakachungulia. Nikamwambia Recheli, popote alipo, umesikia hiyo?

Asubuhi ya misa nikaukalisha kwenye mchanga kivulini, nyuma ya nyumba, nikaujaza maji. Nikiwa najifunga khanga nikaona mchanga umelowa.

"Jasho hilo," Tobias akawahi. "Si wewe uliyenifundisha kwamba mtungi mpya hutoka jasho?"

Kweli nilimfundisha. Tukaenda kanisani.

Tuliporudi wageni wakanywa. Dada yangu Gaudensia akashusha kata, akafuta macho, akasema maji yale yana harufu ya mvua, na Recheli angemaliza mtungi mzima peke yake. Wakaja wengine, wakanywa nao. Kila nikichungulia, umejaa pomoni. Nikasema moyoni, huu si ufinyanzi tena, padri aitwe ashuhudie. Kwa mara ya kwanza tangu msiba kifua changu kikawa chepesi.

Wageni walipoanza kula nikazunguka nyuma ya nyumba kumtafuta Tobias nimpe habari hiyo. Nikamkuta kwenye mtungi, amechuchumaa, suruali ya suti imelowa hadi magotini, mchanga umekuwa tope.

"Baba Recheli, unafanya nini?"

Akashtuka, lakini hakugeuka.

"Nakunywa maji," akasema.

Jagi lilikuwa bado limeinamia mtungini, linamimina.