Mota ya Kusaidia

Siku pikapu ya mume wangu ilipofika dikoni Tumbe, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, kwa mara ya kwanza, wanaume waliisukuma, na wala haikuwa mbovu. Naiita pikapu ya mume wangu kwa kuwa yeye ndiye aliyeileta kutoka Sharja, ingawa mpaka leo hajaikalia.

Aliyekuwa akiendesha ni shemeji yangu Kificho, mdogo wake mume wangu. Alisimama pale samaki wanaponadiwa, mguu kwenye breki, akisubiri madeli, yale masanduku ya samaki na barafu, yapakiwe. Ghafla injini ikanyamaza yenyewe. Sasa Tumbe gari ikinyamaza mchangani hakuna anayeuliza kwa nini. Kila mtu ameshasukuma gari ya mwenzake, na kesho atasukumiwa yake, kwa hiyo ukimya wa injini pale ni mwito.

"Imezima! Tieni bega, yakhe!"

Wakaja, hata wale waliokuwa mnadani wakaacha kunadi. Wakaegemea nyuma ya gari na kusukuma mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Gari haikusogea, maana Kificho alikuwa bado amekanyaga breki. Alipostuka na kuuondoa mguu, injini ikaamka yenyewe bila mngurumo na gari ikaondoka, nao wakaanguka kifudifudi kwenye matope ya maji ya samaki. Nilicheka mpaka mtandio ukanidondoka. Halafu nikaona haya, nikampigia simu mume wangu.

Mume wangu ni Haroub, lakini mimi humwita Baba Laila, kwa jina la binti yetu. Haroub namwita nikikasirika. Aliondoka kwenda Sharja kutafuta maisha, akaniambia anafanya kazi kwenye magari, sote tukamwita fundi, na huu ni mwaka wa sita. Gari ilipopakiwa kuja alisema, "Gari imetangulia, mie nafuata." Maneno hayo niliyashika kama mtu anavyoshika tasbihi. Ilishuka bandarini Mkoani, ikafika Tumbe, Ramadhani ikaja ikaondoka, na aliyesema anafuata hajafuata.

"Haikuzima, Rahila," aliniambia siku ile nilipompigia. "Imepumzika. Gari hiyo haibridi."

"Haibridi n'ni?"

"Ina nguvu mbili. Injini yake ni ya dizeli kama gari nyengine. Lakini pembeni pana mota ndogo ya umeme, imeungwa na injini kwa mkanda, na betri yake ipo chini ya kiti cha nyuma. Kificho akisimama, injini inalala isile mafuta bure. Akiondoa mguu kwenye breki, ile mota inaiamsha."

"Na huo umeme tuutie wapi? Huku wenyewe wakatika kila siku."

Akacheka. Tangu lini sijamsikia akicheka! "Hutii popote, bibie. Gari ikiteremka kilima, au Kificho akikanyaga breki, mwendo unapungua. Kwenye gari nyengine nguvu ile inapotea, inakwenda kuchemsha breki tu. Hii mota inaikamata, inaigeuza umeme, inaiweka kwenye betri. Ukija wakati wa kuondoka na mzigo, au kupanda kilima, inautoa umeme ule, inaisukuma injini kidogo. Ndiyo maana hula mafuta kidogo, na breki hazikwishi upesi."

Tulizungumza mpaka simu yangu ikapata moto sikioni. Wanawake wenzangu ambao waume zao wako nje wataelewa. Simu za mume wa mbali ni salamu: mmeamkaje, Laila hajambo, mama anaendeleaje na miguu, haya ntapiga. Ukitaka kumwambia umemwota, tayari kuna mtu anamwita. Siku ile hakuna aliyemwita. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya usiku wa kwanza wa ndoa yetu, alipokosa la kusema akanieleza namna ya kushona wavu.

Basi nikaijua dawa. Kila nikimtamani, nampigia na swali la gari.

Kila asubuhi nilikuwa nakaa na Kificho mbele, tunapeleka samaki soko la Wete, na gari ile niliijua mapema kuliko yeye. Niliona kwenye dashibodi alama ya betri ikijaa tunapoteremka na ikipungua tunapopanda. Niliona tunavyoanza kupanda na madeli yamejaa bila injini kulia kama mzee anayeinuka kitini. Kituo cha mafuta tulikuwa tunakwenda kwa nadra, mpaka yule muuza mafuta akamuuliza Kificho kama tumehamia kwa mwengine. Kificho mwenyewe hakuiamini. Kila tukisimama alikuwa akiisogeza mbele kidogo na nyuma kidogo isilale, asije akasukumwa tena.

"Shemeji, iache ilale," nilimwambia.

"Ikilala ikakataa kuamka, tusukumwe na nani hapa Wete? Hawa hawasukumi gari ya ntu wa Tumbe."

Yote hayo niliyajua. Lakini jioni nilimpigia Baba Laila na kujifanya mjinga. Mvua ikinyesha, mota haipigi shoti? Chumvi ya maji ya samaki haitaila betri? Yule anayekaa kiti cha nyuma hapati umeme wa makalio? Hilo la mwisho lilimfanya acheke mpaka akapaliwa, nami nikakaa nusu saa na kicheko kile baada ya simu kukatika. Nilikuwa namtaka mume wangu mpaka mwili ulikuwa ukiniuma, na nilichopata ni elimu ya mkanda na betri. Nikaipokea. Mwenye njaa hachagui chakula.

Sasa jina. Kificho alipowaeleza watu dikoni kwamba gari ina nguvu mbili, za dizeli na za umeme, wakaibatiza palepale: Chotara. Chotara kaja, Chotara kenda Wete, Chotara kalala. Nililipenda jina mpaka siku Bimkubwa alipolitia sumu. Bimkubwa ni jirani yangu, anauza dagaa wakavu, na ulimi wake umekaushwa kwenye jua lilelile. Alikuwa amepanda nyuma na matenga yake, akaniinamia dirishani mbele za watu.

"Shoga, bwana'ko huyo kashakuletea gari chotara. Bado kukuletea ntoto chotara kutoka huko Sharja."

Watu walicheka, na mimi nilicheka nao, kwani ukinuna umekiri. Lakini njia nzima ya Wete sikuona mti wala nyumba. Kificho alinitazama mara mbili.

Kwa wiki nzima sikumpigia. Niliapa atanipigia yeye kwanza. Kweli alinipigia, Ijumaa baada ya sala, nami nilikuwa nimekaa ndani ya gari uani kwa sababu pale ndipo mtandao unashika.

"Kimya mbona? Gari ina hitilafu?"

Aliuliza gari. Hakuuliza kama mimi ni mzima. "Gari haijambo," nikamwambia. "Waja lini?"

Akaanza kuzunguka. Tajiri wake amemwomba aongeze mkataba. Ni kidogo tu, miaka miwili si kitu. Laila atakuwa ameingia kidato cha juu, atahitaji mambo mengi. Halafu akasema, kwa ile sauti ya mtu anayemnyamazisha mtoto, "N'ambie unataka nini kengine nikuletee. Friza la samaki?"

Sikujibu friza. Nilimuuliza swali, na lilikuwa swali la kweli ingawa jibu lake nilikuwa nalo.

"Ile mota ndogo. Injini ikifa kabisa, yaweza kuitembeza gari peke yake mpaka Wete?"

Akafurahi. Maskini, alidhani tumerudi kwenye mazungumzo yetu. "Haiwezi. Zipo haibridi kubwa, hizo hutembea kwa umeme mtupu. Hii nyepesi. Mota yake inasaidia tu, haiendeshi. Injini ikifa, hata hapo mlangoni haikufikishi."

"Basi jisikie unavyosema, Haroub."

Alilisikia lile jina.

"Unanisaidia," nikamwambia. "Sikatai, na Mungu akulipe. Unatuma, unauliza, unaleta. Lakini nyumba hii naivuta mie. Mama yako nambeba mie kumtia chooni. Laila alipovunja ungo nilikaa naye peke yangu, sikuwa na wa kumgeukia. Nimechoka kusaidiwa. Kama una nke huko, n'ambie leo, nijue moja."

"Wallahi sina." Alisema haraka. "Rahila, sina nke, sina hata rafiki. Na mie si fundi."

"Si fundi vipi?"

"Sijashika spana hata siku moja. Nalinda geti la yadi. Magari yanaingia, yanatoka, nafungua, nafunga. Hiyo pikapu ilikuja hapa imegongwa ubavuni, tajiri akaniachia kwa kunihurumia. Mambo ya mota na betri sikuyajua. Uliponiuliza siku ile ya kwanza, nilikuwa nimeyasikia kwa watu wa yadi tu. Baadaye nikawa nayasoma kwenye simu, nayahifadhi kama Kurani, ili ukinipigia niwe na la kukwambia. Nikiwa sina la kukwambia, naona utakata."

Nilishika usukani ingawa gari ilikuwa imezimwa. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na pa kukaa. Nilimwona mume wangu mtu mzima, na ndevu zake, amekaa langoni kwenye jua la Sharja akijifunza mkanda wa gari asiyoiendesha, kwa ajili ya mwanamke anayeuliza asichotaka kujua.

"Nami nilikuwa nayajua," nikamwambia. "Karibu yote. Nilikuwa nauliza ili usikate."

Hapo tulicheka, kicheko kibaya chenye makamasi, nikafuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha nikamwambia bila kuzunguka aache huo mkataba arudi. Samaki wapo, gari ipo, Kificho amechoka na safari za Wete na hata hivyo anaiogopa. Akaniambia ataonekana amerudi mikono mitupu. Nikamwambia Tumbe nzima imeshalala matopeni kwa ajili ya gari yake, hakuna mwenye ubavu wa kumcheka.

Akavuta pumzi. Nikajua ndiyo inakuja, au hapana, moja kati ya mbili. Haikuja hata moja.

"Rahila," akasema, taratibu, na nilisikia kwamba hili ndilo lililomweka huko miaka yote, si mkataba wala tajiri. "Nikirudi, hayo ya gari yameshakwisha. Tutazungumza nini?"

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba na yeye anaogopa. Nilitazama kiti cha dereva nilichokalia, nikatazama cha pembeni kilicho kitupu.

"Tutanyamaza," nikamwambia. "Wa kuzungumza naye ninaye, yumo kwenye simu. Wa kunyamaza naye ndiye sina."

Hakujibu. Simu hakuikata, na mimi sikuikata.