Mstari wa Ndizi

Mimi ndiye niliyekuwa nachora mstari wa ndizi. Usicheke. Kuna wanaochora ramani na kuna wanaochora nyusi. Mimi nalipwa mshahara nionyeshe nchi imekuwa na ndizi za kupika kiasi gani, mwaka hadi mwaka. Unachukua zilizovunwa, unaongeza zilizoletwa kutoka nje, unatoa zilizouzwa nje, na zinazobaki ndizo zetu za kula. Mwisho wa mwaka naweka nukta kwenye karatasi kubwa ya ukutani, naiunga na ya mwaka uliopita, na wakubwa wanapita kuitazama mikono nyuma.

Nilipoajiriwa mstari ulikuwa unapanda. Ukatulia, kisha ukaanza kuteremka, na sasa ulikuwa unateremka kama mtoto aliyesikia chakula kimeiva. Ofisini tulishazoea. Tulikuwa na mstari mwingine wa kutuchekesha, ule wa mzigo mchanganyiko, yaani kila kinachoingia sokoni kisicho na jina kwenye maelekezo yetu. Huo ulipanda mpaka ukakaribia kutoka kwenye karatasi. Mkuu wetu, ambaye sote tunamwita Bwana Nukta kwa sababu hakubali hesabu isiyo na nukta ya desimali, alisema nchi hii imeacha chakula inakula mchanganyiko. Tukacheka, tukanywa chai.

Kicheko kikaniishia pale wizara ilipoleta neno. Walisema kama watu wameacha kula ndizi, hakuna haja ya kuwaoteshea miche. Nukta ya mwaka huu ikishuka tena, kitalu cha migomba kinafungwa. Na mume wangu ni mtu wa kitalu. Kazi hiyo nilimkuta nayo, na mpaka leo akirudi nyumbani ana udongo kwenye kucha na amani usoni. Kwa hiyo mkono huuhuu unaomsongea ugali ndio ungemfungia geti. Niliumia, sitaficha.

Angenigombeza ningepata nafuu. Hagombezi, ndiyo tabia yake, na mimi mtu asiyegombana ananimaliza nguvu. Nilipomwambia kuhusu nukta aliuliza tu, "Zinapungua kweli?" Nikamwambia hesabu ndivyo zinavyosema. Akanawa mikono, akala.

Jumapili iliyofuata nikamkuta nyuma ya jiko anachimba. Miche ya migomba imelazwa ukutani, na kamba yangu ya nguo haipo.

"Unafanya nini hapo?"

"Napanda."

"Na kamba yangu?"

"Nimeihamishia upande ule."

Upande ule ni kivulini, hata leso haikauki. Isitoshe, pale alipochimba ndipo fundi aliyetujengea alipomwaga masalia yake. Nikamwambia, mgomba changaraweni haupandwi ukamea, wahenga walishasema. Akanionyesha rundo pembeni. "Changarawe nimezitoa." Tukanuna. Yaani nikanuna mimi. Yeye kununa hajui, kazi hiyo ameniachia.

Katikati ya haya mama mkwe akaja kutukalia. Nampenda mama mkwe wangu, na ananipenda, lakini ana jambo moja ambalo hata daktari halitoi: ndizi za kupika kwake zinanunuliwa pamoja na mkungu wake. Mkungu unatundikwa kwenye ndoano juu ya mlango wa jiko, unakatwa chane za juu kwanza kwa kuwa ndizo zinazotangulia kukomaa, unashuka nao pole pole. Mwanawe aliigongomelea ndoano hiyo siku tulipohamia. Kwa muda mrefu ilikuwa inaning'iniza mwavuli.

"Mwanangu," aliniambia akiutazama huo mwavuli, "ndizi zenu mnaziweka wapi?"

"Kwenye beseni, mama."

"Beseni ni la kufulia."

Basi tukaenda soko kuu, mimi na yeye, kutafuta mkungu. Asubuhi, soko limechangamka, malori yanashusha. Ndizi zilikuwepo, tena si kidogo. Zilikuwa zimepangwa kwenye kreti za plastiki, kreti juu ya kreti mpaka kwenye paa, za kijani, zimenona. Mama mkwe akapita meza ya kwanza, ya pili, akafika mwisho wa safu akageuka.

"Mkungu uko wapi?"

Muuzaji mmoja, mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu, akamtazama kwa huruma. "Mkungu, mama? Umetokea safari ya wapi? Siku hizi chane zinakatwa hukohuko shambani, zinapangwa kwenye kreti. Kikonyo kinaachiwa ng'ombe. Lori linabeba nyingi na hazichubuki."

"Tangu lini?"

"Zamani. Walianza wachache, wengine wakaiga, sasa ni wote."

Mama mkwe akaanza kumweleza kwa nini hilo ni kosa, na yule naye hakuwa wa kunyamaza, nikawaacha. Mimi nilibaki nikizihesabu kreti. Maana ofisi yetu haihesabu ndizi shambani. Mkulima anakata leo mkungu mmoja, keshokutwa mwingine, utamfuata lini? Tunahesabu sokoni. Mhesabu wetu anakaa langoni, anahesabu mikungu inayoshushwa, sisi tunazidisha kwa uzito wa mkungu wa kawaida.

Nikaenda langoni. Mhesabu alikuwepo, dada mtulivu, kitambulisho shingoni, macho kwenye malori.

"Leo umehesabu mikungu mingapi?"

"Bado haujaingia hata mmoja. Labda baadaye."

"Na hizo zinazopita mbele yako?"

"Hizo kreti. Kreti naziweka mzigo mchanganyiko, pembeni naandika zimebeba nini." Akanitazama kama anayeogopa kuwa amekosea. "Si ndivyo mlivyotuelekeza?"

Ndivyo tulivyomwelekeza. Kaambiwa mikungu, kahesabu mikungu. Nikamshika bega nikamwambia hajakosea, nikacheka peke yangu pale langoni hadi mama mkwe akaja kuona nimepatwa na nini.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa Bwana Nukta kabla hajavua koti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole, "Mume wako si yule wa kitalu?"

"Ndiye."

"Watasema umempikia hesabu."

Hasira zangu ziko karibu, hilo wanajua wote ofisini, lakini nilizimeza kwa sababu alikuwa na haki. "Basi nenda mwenyewe ukaone. Na hesabu mpe mwingine. Mimi nipe mstari wa mahindi."

Akaenda. Alirudi adhuhuri, mkono wa shati lake jeupe umejaa utomvu wa ndizi, na utomvu ule ukikauka hautoki mpaka shati lichakae. Aliita wenzangu, akawafungulia mafaili yote ya mzigo mchanganyiko ya miaka ya nyuma, na mimi akanipa mahindi.

Hakuna wakati nimeyachukia mahindi kama ule. Wenzangu walijifungia chumba cha pili, wanatoka na macho mekundu. Nyumbani mume wangu anamwagilia migomba yake, na sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Kwamba huenda? Mtu anayesubiri kufungiwa kazi humpi huenda.

Siku waliyoniita, karatasi mpya ilikuwa ukutani, imechorwa na mkono wa mwenzangu. Nilitafuta mteremko, sikuuona. Pale ambapo mstari wangu ulianza kushuka, wake uliendelea kupanda, mwaka hadi mwaka, na nukta ya mwisho ilikuwa juu kuliko zote. Ndizi hazikuwa zimekwenda popote. Bwana Nukta alikuwa ameshawapigia wizarani, kitalu kinabaki. Nilikaa kwenye kiti cha mwenzangu nikalia, na hakuna aliyenikataza.

Nilimkuta mume wangu nyuma ya jiko. Nikamweleza yote, kreti, mchanganyiko, wizara. Akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza.

"Kwa hiyo zipo?"

"Zipo tele. Zimejaa mpaka kwenye paa."

Akaitazama migomba yake, ilikuwa imeshatoa majani mapana. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Mimi nilijua zinaisha kweli. Nikasema angalau wewe na mama msizikose."

Mimi nilidhani alikuwa anaokoa miche ya kitalu. Kumbe alikuwa anatupandia chakula. "Lakini watu wanakuja kitaluni kuchukua miche kila siku, inaisha. Hukujiuliza inaenda wapi?"

"Nilijiuliza," alisema. "Ila mstari ulikuwa wako."

Akainuka, akaihamisha ndoo.

Siku hizi tunahesabu kreti, na mstari nimerudishiwa. Jana mgomba wa kwanza ulikatwa. Mama mkwe aliondoa mwavuli kwa mkono wake, akasimamia mwanawe akiutundika mkungu kwenye ndoano, akaurekebisha mara mbili ingawa haukuwa na tatizo lolote. Kamba ya nguo bado iko kivulini, nimeisamehe. Mkungu wenyewe haukupita lango la soko lolote, kwa hiyo kwenye hesabu ya nchi haumo. Niliwaza kumwuliza Bwana Nukta unaandikwa wapi, nikaacha. Chane ya juu imeshakatwa, maji yanachemka, na wa kumenya ni mimi.