Mshono wa Geti

Mteja alitoka mbio kwenye kibanda cha kinyozi akiwa amenyolewa nusu kichwa. Upande wa kulia ngozi inang'aa, upande wa kushoto nywele zimesimama vilevile, na shuka la kinyozi bado linaning'inia shingoni. Hakuna aliyemcheka. Redioni jaji mkuu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusoma: amri ya serikali ya kulisitisha Bunge ni batili, haikuwahi kuwa na nguvu ya sheria, na wabunge wako huru kurudi kwenye viti vyao leo hii. Mtaa mzima ulilipuka. Watu wasiosalimiana walikumbatiana, mshona viatu akarusha kiatu cha mteja juu ya paa, na kinyozi mwenyewe, ambaye watu walimwita Wembe kwa ukali wa ulimi wake wala si wa kazi yake, akatoka na mashine ya kunyolea mkononi akipiga vigelegele kama mama wa bwana harusi.

Fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye karakana yake ilipakana na kibanda hicho, hakutoka. Alibaki ameinamia fremu ya dirisha, kofia ya kazi imemfunika uso, ingawa mashine alishaizima.

"Fundi!" Wembe aliingia bila hodi. "Masikio umeyapeleka wapi? Tumeshinda, bwana!"

"Nimesikia."

"Umesikia, halafu umeinama hapo unaatamia mayai? Sukuma hiyo mitungi yako twende, tukalipasue lile geti la Bunge mbele ya kamera. Yule mwanaharamu aliyelichomelea aone kwa macho yake, apande presha afie mbali."

"Nina kazi ya mtu hapa."

"Kazi ya mtu! Leo?" Wembe alicheka, akampiga kofi la bega. "Haya, baki na mtu wako. Nikirudi nitakunyoa bure, maana hicho kichwa kinakaribia kuota uyoga."

Akaondoka akiimba. Fundi alivua kofia, akajifuta jasho lililokuwa likimchuruzika hadi kidevuni.

Mwanaharamu mwenyewe alikuwa yeye. Alfajiri ya siku ile serikali ilipotangaza kwamba Bunge limesitishwa, mkuu wa ulinzi wa Bunge alimfuata nyumbani kwa gari lenye vioo vyeusi. Angeweza kusema anaumwa. Angeweza kusema mashine imeharibika. Ukweli, na ni ukweli wa aibu, ni kwamba alivimba kichwa kidogo: mji una mafundi tele, na wakubwa wamekuja kwake. Mkuu wa ulinzi hakutaka makubwa. "Shikiza tu sehemu mbili tatu," alisema huku akipiga miayo. "Ni la kupigia picha, watu waone limefungwa." Fundi alishikiza, akarudi nyuma kuitazama kazi yake, na ikamkera. Tangu aanze ufundi hakuwahi kuacha kazi ya kushikiza ikae mbele za watu. Basi akapanda ngazi, akaujaza mshono wote kuanzia juu hadi chini, akaugonga taka za moto zikabanduka, akaupiga brashi mpaka ukatoka laini. Mkuu wa ulinzi hakuona hata kidogo, alikuwa amesinzia garini.

Mpiga picha mmoja alimnasa kwa mbali. Kesho yake gazeti lilikuwa na picha ya mtu aliyefunikwa uso, goti la kulia chini, mguu wa kushoto ameunyoosha pembeni. Wembe aliikata picha ile, akaibandika kando ya kioo, na kila mteja aliyekaa kitini alialikwa aitukane. Fundi naye alinyolewa mbele ya picha hiyo. Wengine walipocheka, alicheka.

Binti yake peke yake ndiye aliyemtambua. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bado anakaa nyumbani, na macho yake yalizoea kumjua mtoto kwa mgongo wake tu. Aliliweka gazeti mezani mbele ya baba yake. "Huyu ana mguu kama wako, baba." Mguu ule uliangukiwa na nondo zamani, na tangu hapo haukunjiki. "Kazi ni kazi," alimjibu. Kuanzia asubuhi iliyofuata hakupewa tena shikamoo. Alipewa "Habari za asubuhi", kwa upole kabisa, kama anavyopewa mpangaji wa chumba cha pili. Afadhali angetukanwa.

Sasa alimwona akipita na walimu wenzake, vumbi la chaki bado mikononi. Alisimama mlangoni mwa karakana. Aliitazama mitungi ya gesi kwenye mkokoteni wake, halafu akamtazama baba yake, akangoja.

"Tunakwenda getini," alisema hatimaye.

"Uwe mwangalifu, mama."

Binti alitikisa kichwa, si kwa kukubali, akawafuata wenzake.

Mabomu ya kwanza yalisikika kabla chai ya fundi haijapoa. Alijidanganya kwamba ni fataki. Kisha watu walianza kurudi, wachache wachache, hawaimbi tena. Mshona viatu alikuja amejishika sikio, na damu ikimtoka katikati ya vidole.

"Wametufungia nyuma!" alifoka, utadhani fundi ndiye aliyebisha. "Askari wanapiga mabomu ya machozi, na wale vijana wa chama wanamvunja kila anayechomoka. Wanasema majaji wamenunuliwa. Watu wote wamesukumwa getini, na geti halifunguki! Kufuli tumelivunja kwa nyundo, tukajua kwisha kazi, tumesukuma mpaka basi. Yule mshenzi alilishona lote!"

"Walimu wako wapi?"

"Walimu walikuwa mbele kabisa."

Fundi hakumbuki alivyoufungua mnyororo wa mkokoteni. Barabara ya Bunge ina ukuta kulia na kushoto na inaishia getini, haina pa kuchepukia. Lakini alikuwa ameonyeshwa njia nyingine alfajiri ile, uchochoro wa nyuma unaofika kwenye mlango wa watumishi. Aliusukuma mkokoteni huko, mguu wake mbovu ukiburuzika na mitungi ikigongana. Katikati ya uchochoro vijana wa chama walikuwa wamemweka mtu chini. Walimpiga kwa marungu bila haraka, kwa zamu, na kila rungu likitua lilitoa sauti ya gunia linalotupwa sakafuni. Kijana mmoja aligeuka.

"Unapeleka wapi mitungi?"

"Bungeni. Kwa mkuu wa ulinzi."

"Mtu wetu huyo. Mpisheni."

Wakampisha. Aliyelala chini alikuwa na nywele upande mmoja tu wa kichwa, na jicho lake lililobaki wazi lilimtazama fundi akipita. Fundi alipita.

Mlinzi wa mlango wa watumishi alikuwa yule yule wa alfajiri ile. Alimkazia macho. "Wewe si ndiye uliyelichomelea?"

Lilikuwa swali alilolikimbia siku zote hizo, na sasa halikuwa na uzito wowote. "Ndiyo mimi."

"Basi wahi, baba. Watu wanakufa."

Geti aliliona kwa ndani. Lilikuwa limejaa watu kuanzia chini hadi urefu wa kichwa. Nyuso zimebanwa kwenye vyuma hadi midomo imekwenda upande, mikono imetokeza huku ndani ikipapasa hewa, na moshi wa mabomu unapanda nyuma yao mweupe. Kilichomtisha zaidi ni kwamba hawakupiga kelele. Kupiga kelele kunataka pumzi. Kulikuwa na mkoromo mmoja mzito, wa watu wengi kwa pamoja, na nyuma kabisa vishindo vya virungu. Askari wa ndani walikuwa wamesimama kando, virungu mkononi, wanangoja waambiwe.

"Mama!" aliita. "Mwalimu! Uko wapi?"

Chini, karibu na bawaba, mkono mmoja wenye chaki ulifunguka ukajifumba.

Aliwasha moto wa gesi. Mshono ulipita katikati ya geti, na pale mshono ulipo, amebanwa kifua na kidevu, alikuwa Wembe. Mashine ya kunyolea ilikuwa imekwama kati ya mbavu zake na chuma. Fundi alipiga goti la kulia, akaunyoosha mguu wa kushoto pembeni. Alipoinua macho alikuta Wembe anautazama ule mguu.

Alikuwa ameitazama picha ile kila siku, asubuhi hadi jioni. Macho yake yalitoka mguuni yakaja usoni kwa fundi, yakatulia hapo. Midomo ikatikisika.

"Kata," alisema Wembe, kwa pumzi iliyotosha neno hilo tu.

Fundi akakata. Chuma kilianza kutiririka chekundu, cheche zikawarukia walioko ng'ambo, shati la mtu likashika moto na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulizima. Alijisikia akiwaomba radhi mmoja mmoja. Mshono haukuwa na kasoro. Alitafuta kwa moto mahali palipo dhaifu, tundu, ufa, uzembe wowote, na hakupata. Alikuwa anapigana na mkono wake mwenyewe. Aliulaani ule mkono kwa sauti.

"Nani kakutuma?" Mkuu wa ulinzi alikuwa juu yake. "Zima! Nimesema zima!"

"Nisaidie kusogeza ngazi, nifike juu."

Kirungu kilimpata mgongoni. Cha pili kilishuka begani, na kitu ndani kikaachia. Aliuhamishia mwali mkono wa kushoto. Cha tatu kilimpasua kichwani, damu ikamwingia machoni, akaendelea kukata kwa mazoea, kwa sauti ya chuma tu. "Mimi nilikwambia ushikize!" mkuu wa ulinzi alimpigia kelele, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Ushikize tu, mjinga wewe! Nani alikwambia ujaze?" Akampiga tena. Yule mlinzi wa mlangoni alikuja mbio akamkumbatia mkuu wake kwa nyuma, wakaanguka wote wawili.

Sehemu ya juu fundi hakuifikia. Uzito wa watu ulimalizia: mshono ulipasuka kwa mlio mkubwa, mabawa mawili yakafunguka kwa ndani, na watu wakamwagika juu yake. Walimkanyaga mguu mzima na mguu mbovu. Mtu alimvunja kidole. Askari waliingia katikati yao na virungu, wakiwapiga waliolala na waliosimama, na kwa muda mrefu hapakuwa na Bunge wala mahakama, ila mifupa na marungu. Alitambaa kwa tumbo kuelekea kwenye bawaba, akaupata ule mkono wenye chaki, akauvuta. Nao ukamvuta yeye. Akalia kwa sauti bila kujali nani anamwona.

Wembe alibaki amekaa, ameegemea nguzo ya geti, mashine yake mapajani. Fundi alimwita kwa jina la utani, halafu kwa jina alilopewa na wazazi wake, ambalo hakuwahi kulitumia. Ulimi ule mkali ulikuwa umeshakufa.

Kesho yake redio ya hospitali ilisema serikali inaiheshimu mahakama na itakata rufaa. Wabunge walikuwa wameingia ukumbini kwa kupita juu ya viatu vilivyobaki getini, wakasimama kimya kidogo, wakaanza kubishana nani azungumze kwanza. Fundi alikuwa amefungwa bandeji begani, na kichwani ana nyuzi za kushonwa. Kwenye kitanda cha kwanza cha wodi alilala yule mtu wa nusu kichwa. Manesi walikuwa wamemnyoa upande wa pili ili wamshone. Fundi aliinamisha uso alipompita.

Mke wa Wembe alikuwa kwenye benchi la korido, ameushika mfuko wenye nguo za mumewe. Alisimama alipomwona, akamshika mkono mzima kwa mikono yake yote miwili.

"Wanasema ni wewe uliyefungua, shemeji. Kila mtu anasema. Mungu akulipe. Angalau nimempata akiwa na sura yake."

"Shemeji..."

"Alikuwa anakupenda yule. Kukutania kote kule ni mapenzi tu." Alijifuta macho kwa kiganja. "Ila yule aliyelichomelea, siku nikimpata, hata sijui nitamfanya nini. Pengine nitamuuliza tu alikuwa anawaza nini."

Fundi alimwambia pole. Alisema anakwenda kumwona mtoto, akaingia chumba cha jirani, akauacha mlango haujafungika vizuri.

Binti alikuwa amelala chali, mbavu zimefungwa, shingo ina mistari ya vyuma vya geti. Mlango ulikuwa wazi na korido haikuwa mbali. Alikuwa amesikia kila kitu, ilionekana machoni. Walitazamana. Baba akakaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua ule mkono wake. Walikuwa wameuosha, hauna chaki tena.

"Shikamoo, baba," alisema binti.

Alikuwa ameingoja kila asubuhi. Alikuwa ameiota. Sasa ilikuwa hapo, imesemwa kwa taabu na mtu ambaye kila neno lilimchoma mbavu, na kilichobaki ni yeye kuipokea. Kupitia mwanya wa mlango aliona ncha ya benchi, na ule mfuko wa nguo juu yake.

"Niwekee kwanza," alisema.

Aliuweka mkono wa binti juu ya shuka taratibu, akashika chuma cha kitanda, akanyanyuka. Alitoka akiburuza mguu wake mbovu, na safari hii hakujaribu kuuficha. Mke wa Wembe aliusikia ukija koridoni, akainua uso, akauhamishia mfuko mapajani, akasogea kumpisha nafasi kwenye benchi.