Kaseti ya Kwanza ya Ngurumo

Miaka mitatu Dainess alikuwa katika ndoa, na hakuwahi kuutazama uso wa baba mkwe wake. Ndiyo mila ya Wanyakyusa: mkamwana akisikia mkwewe anakuja njiani, anachepuka migombani mpaka apite. Hawatazamani, hawasemezani. Tukuyu mjini wengi walishalegeza, lakini mkwe huyo, Mzee Ambilikile wa mtaa wa Msasani palepale mjini, fundi mstaafu wa kiwanda cha chai, hakuwa mtu wa kulegeza hata nati.

Basi mkamwana huyohuyo ndiye aliyekuwa mwimbaji wa Ngurumo, bendi ya roki nzito ya mumewe, Godwin. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, sokoni kulijaa mitumba pamoja na kaseti za Wazungu wenye nywele ndefu. Watu walizicheka, Godwin akanunua gitaa. Ila tusidanganyane, gitaa lilikuwa chumvi tu, mboga yenyewe ilikuwa sauti ya Dainess. Mwanamke mwembamba vile, akifungua kinywa hata mabati yanaitikia!

Fundi wa kurekodi alikuja na mashine yake kutoka Mbeya kwa siku moja tu. Saa nne asubuhi umeme ukakatika. Jenereta ilikuwa moja, ya mzee, nayo ilimsikiliza yeye peke yake.

"Baba, tusaidie," Godwin alimwomba uani. "Bila wewe albamu imekufa."

"Mkeo ndiye anaimba?"

"Ndiye, baba."

Jikoni alikojibanza, Dainess alisikia kila neno. Kazi yake ya miezi minane ilikuwa mkononi mwa mtu ambaye yeye hakuruhusiwa hata kumwomba.

"Basi mfunge dirisha," mzee akasema, akaenda kuiwasha mbali kule migombani.

Walifunga, wakaegemeza magodoro ukutani, wakapiga nyimbo saba. Jasho likawatoka kama wanapalilia. Kabla ya wimbo wa nane, wa mwisho, Nsajigwa mpiga ngoma alishindwa kuvumilia, akafungua dirisha. Hakuna aliyemkataza.

Wimbo ule Dainess alimtungia marehemu mama yake, aliyechuma chai maisha yake yote. Aliuimba kwa hasira na kwa mapenzi, akapandisha sauti mpaka mahali ambapo hakuwahi kufika, kisha gitaa na ngoma vikanyamaza kama walivyopanga. Katika ukimya ule, nje ya dirisha, mzee aliyekuwa amesogea kutoka migombani akapaza sauti:

"Ndaga fijo, mkamwana! Asante sana! Imba, mwanangu, imba!"

Fundi akanyoosha mkono azime mashine. Dainess akamzuia, machozi yakimtiririka, akaimba ubeti wa mwisho hivyohivyo.

"Kazi kubwa, dada," fundi alisema walipomaliza. "Nikifika Mbeya nitaifuta ile sauti ya mzee."

"Ukiifuta hiyo," Dainess akamjibu, "futa na yangu."